Gari la Mradi Likishaondoka

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa ni la bati, saizi ya tranka dogo la mwanafunzi wa bweni, na upande wa mbele limechomelewa vishikio vitatu vya kufuli. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wa kaya tatu tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye uongozi wa kikundi. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Ndani mna vitabu vya hisa, mhuri, kidau cha wino, bakuli mbili za plastiki, kalkuleta, na vifuko viwili vya kitambaa vya rangi tofauti: kimoja cha fedha za mikopo, kingine cha mfuko wa jamii. Ukitaka kujua shirika lisilo la kiserikali linaweza kumfanyia maskini nini, na nini lisijaribu kabisa, anzia kwenye hicho kifuko cha pili.

Mfuko wa jamii unakwenda hivi. Kila mwanachama anaweka kiasi kilekile kila mkutano, aliyenacho na asiyenacho sawa. Tuseme shilingi 500. Wanachama 20 wakikutana kila wiki, hiyo ni 10,000 kwa wiki, 40,000 kwa mwezi. Fedha hii haikopeshwi kwa riba, wala haigawanywi kwa hisa mwisho wa mwaka. Inatoka kwa mambo yaliyoandikwa kwenye katiba tu: mwanachama au mtoto wake kulazwa, kufiwa, nyumba kuungua au kuangushwa na mvua. Katiba nzuri inataja kiasi kwa kila tukio, na mtu mmoja anaweza kupewa mara ngapi kwa mwaka. Ikisema tu "kusaidia wenye shida", mfuko unakauka mwezi wa tatu, na waliokosa ni wale waliokuwa wanaona haya kuomba.

Shilingi 30,000 si fedha nyingi. Lakini ikitoka siku ileile mtoto anapolazwa, inamzuia mama kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa, au kuuza mahindi yakiwa bado shambani, au kwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu ambao mwezi ujao watakuja kubeba godoro. Hapo ndipo umaskini unapoingia kwa kweli. Kaya nyingi zilizoanguka ziliangushwa na jambo moja, ugonjwa au msiba, lililowakuta hawana akiba hata ya wiki mbili, wakauza kile walichokuwa wanazalishia. Kinga dhidi ya jambo hilo moja ndiyo hifadhi ya jamii kwa mkulima wa jembe la mkono, mchuuzi wa dagaa na mama wa vitumbua. Mifuko ya pensheni inamfikia zaidi aliye na mwajiri anayemkatia michango, na hawa hawana mwajiri.

Njia hii ya kuweka na kukopa haikuzaliwa Afrika Mashariki. Shirika la CARE liliianza mwaka 1991 huko Maradi, kusini mwa Niger, kwa wanawake wa Kihausa. Waanzilishi waliuchukua mchezo wa kupeana zamu, ule tunaouita upatu, wakaurekebisha: badala ya kila mtu kutoa sawa na kusubiri zamu, kila mmoja ananunua hisa anazoziweza na kukopa anapohitaji. Zanzibar ilifika kwa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na Tanzania Bara ikaenea kwa sura ya VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, na kwa vikundi vya hisa vya aina mbalimbali. Leo ukipita mtaa wowote Alhamisi au Jumapili mchana, ukaona akina mama wamekaa duara kwenye mkeka na daftari katikati, unakiona kitu kilichovuka jangwa bila benki wala wizara kukibeba.

Shirika lilibeba nini, basi? Lilibeba mafunzo. Hilo linasemwa kwa haraka mno kwenye ripoti, na ni kazi ngumu kuliko kugawa fedha.

Mwezeshaji anayeijua kazi haanzi na sanduku. Anaanza na mkutano wa kijiji, anaeleza kwamba hakuna fedha ya bure itakayokuja, na wengine wanainuka kuondoka. Waache waende. Waliobaki wanachaguana wenyewe, watu 15 hadi 25 wanaojuana na wanaoishi mwendo wa miguu kutoka mahali pa mkutano. Kikundi kilichopangwa na mwenyekiti wa kitongoji kwa kupitisha orodha hakidumu, kwa sababu aliyepangwa anajiona mgeni wa serikali. Halafu wanachagua uongozi: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Kura inapigwa kwa siri. Kwa wasiojua kusoma, kila mgombea anapewa rangi, na mpiga kura anaingia nyuma ya kanga iliyotundikwa, anaweka kokoto kwenye chombo cha rangi anayoitaka. Kanga hiyo ina maana kubwa. Bila kanga, mke wa mwenyekiti wa kijiji anashinda kila kura.

Kisha katiba, na hapo mwezeshaji mzuri huuliza zaidi kuliko anavyosema. Hisa iwe bei gani? Kosa linaloua vikundi kimyakimya liko kwenye swali hili. Wenye biashara wanapendekeza 5,000, wengine wananyamaza kwa aibu, na baada ya wiki sita watatu wameacha kuja wakisingizia kilimo. Bei sahihi ni ile ambayo maskini kuliko wote kikundini anaweza kununua hisa moja katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka, yaani ule msimu ghala limekwisha na mavuno hayajaiva. Mwenye uwezo atanunua hisa tano, ambacho ndicho kikomo kwa mkutano mmoja, na kikomo hicho kipo ili asikimeze kikundi.

Mkutano wenyewe una utaratibu usiobadilika. Watunza funguo wanafungua. Kabla ya fedha kuguswa, katibu anauliza kulikuwa na kiasi gani kwenye mfuko wa jamii na kiasi gani kwenye mfuko wa mikopo tulipofunga wiki iliyopita, na wanachama wanajibu kwa kumbukumbu. Zinahesabiwa mbele ya wote, na zikilingana ndipo kazi inaanza. Mchango wa jamii unatangulia. Halafu hisa: anaitwa mtu kwa namba yake, anaweka fedha kwenye bakuli, wahesabu fedha wanataja kwa sauti, na kitabu chake kinagongwa mihuri sawa na hisa alizonunua. Nafasi zilizobaki wazi zinapigwa mstari palepale, ili mtu asije akajiongezea mhuri baadaye. Vitabu haviendi nyumbani, vinalala sandukuni. Mikopo huanza baada ya wiki chache, kwa kawaida mtu hazidishi mara tatu ya akiba yake, na mzunguko wa kwanza ni vyema marejesho yasizidi miezi mitatu. Faini ya kuchelewa na ya simu kulia mkutanoni inalipwa hapohapo.

Baada ya miezi 9 hadi 12 mzunguko unavunjwa, na kila kilichomo kwenye mfuko wa mikopo kinagawanywa. Chukua kikundi cha watu 20, hisa shilingi 2,000, na kwa wastani kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki kwa wiki 50. Hizo ni hisa 3,000 na akiba ya shilingi milioni 6. Riba na faini zikiwa zimeleta milioni 1 na laki 2, kuna milioni 7 na laki 2 mezani. Gawanya kwa 3,000: kila hisa imekuwa 2,400. Aliyenunua hisa 100 anaondoka na 240,000, aliyenunua 150 anaondoka na 360,000. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake na kujua haki yake, na ndiyo maana ya mhuri. Tarehe ya kuvunja nayo ina akili yake: wakulima wavunje wakati mbegu na mbolea zinahitajika, si baada ya mavuno wakati kila mtu ana fedha na harusi ni nyingi.

Sasa yanayoharibika. La kwanza na kubwa ni shirika lenyewe kumwaga fedha sandukuni. Kikundi kina miezi minne, kimejikusanyia laki nane, mradi unaleta "mtaji mbegu" wa milioni tano kwa sababu bajeti inafungwa mwezi wa sita. Kuanzia siku hiyo watu wanakopa fedha ya mzungu, si fedha ya jirani. Marejesho yanashuka, viongozi wanakopeshana wenyewe, na mwisho wake hata ile laki nane inapotea. Aliyeileta hakuwa na nia mbaya, alikuwa na jedwali la matumizi la kukamilisha. Bado madhara ni yaleyale.

La pili ni shabaha ya idadi. Mwezeshaji akiambiwa aunde vikundi vingi kwa mwaka na mkataba wake unahesabu vikundi tu, ataviunda, na atavitembelea mara tatu. Kikundi kinahitaji kutembelewa kila wiki mwanzoni, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, na zaidi ya yote kinahitaji mtu awepo siku ya mgao wa kwanza. Siku hiyo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mikopo mipya inatakiwa isimamishwe mapema kiasi kwamba yote imerudi kabla ya mgao, na kikundi kisichosimamiwa husahau hilo, kinajikuta kinagawana madeni. Wiki za mwisho sanduku linakuwa na fedha nyingi kuliko mlango wa nyumba linakolala unavyoweza kuzilinda. Hapo ni busara fedha ziende benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Kuhusu sheria, kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi kwenye daraja la nne, na usajili wake unapitia halmashauri. Shirika linalounda vikundi na kuondoka bila kuvisajili linawaachia wanachama mzigo wasioujua.

Lakini sanduku halimfikii kila mtu, na hapa mashirika mengi hujidanganya. Bibi wa miaka 74 anayelea wajukuu wanne hana hisa ya kununua hata ikiwa shilingi 500. Mgonjwa wa muda mrefu, mlemavu asiye na msaada, mjane mwenye watoto wachanga, hawa hawahitaji kufundishwa kuweka akiba. Wanahitaji fedha mkononi, kila mwezi, bila masharti ya kuhudhuria semina. Ukimwambia mtu asiye na chakula ajiunge kikundi, unamfanya akope ili aweke akiba.

Kagera walilielewa mapema. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika dogo la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuchukua kizazi cha katikati. Watu wengi wa misaada siku zile waliamini kwamba mzee akipewa fedha taslimu itaishia kilabuni. Iliishia kwenye chumvi, sabuni, mafuta ya taa, madaftari. Shirika la wilaya moja haliwezi kulipa wazee wa nchi nzima na halikudai kuweza. Lilichofanya ni kuondoa kisingizio: baada ya Nshamba, asingeweza mtu kusimama akasema wazee wa kijijini hawafai kupewa fedha.

Zanzibar ndiyo iliyokwenda hadi mwisho. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 akawa na haki ya pensheni jamii, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka kwenye bajeti ya serikali yenyewe. Hakuna kupima nani maskini na nani si maskini. Mashirika ya wazee, HelpAge International likiwemo, yalishiriki kwa ushauri na ushawishi wa miaka kadhaa. Kenya nayo mwaka 2018 ilifungua malipo ya Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya juu kabisa ya asasi katika jambo hili: kulifanya dogo, kulipima kwa uaminifu, kisha kuisukuma serikali ilibebe. Kodi ina uhakika ambao mfadhili hana.

Panapokuwa na kuchagua nani apewe, mambo ni mazito zaidi. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, umefikia zaidi ya kaya milioni moja, na uchaguzi wake unaanzia kwenye mkutano wa kijiji: wananchi wanataja dalili za umaskini wa pale kwao, kaya zinatajwa, zinajazwa dodoso, na majina yanarudishwa kusomwa hadharani. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Kinachoharibika ni saa na mahali. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi msimu wa palizi, maskini kuliko wote wako kwenye kibarua cha shamba la mtu. Ukifanyika kitongoji chenye shule na zahanati, vitongoji vya pembeni havifiki. Majina yakisomwa kwa sauti, mlevi anapigiwa kelele atolewe, na mke wake na watoto wanatolewa naye. Haya hayasahihishwi kwa waraka kutoka makao makuu. Yanasahihishwa na mtu anayekijua kijiji, aliyekaa nyuma ya mkutano, anayeuliza: mbona hakuna hata jina moja la kule ng'ambo ya mto?

Kaskazini mwa Kenya kuna mfano ninaoupenda kwa sababu kazi iligawanywa waziwazi. Mpango wa HSNP, wa kuzipa kaya fedha taslimu ili kuzikinga na njaa, ulipoanza mwaka 2009 huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, Oxfam na Save the Children walikuwa kwenye upande wa kuandikisha walengwa, Equity Bank ikalipa, na HelpAge ikapewa kazi ya haki za walengwa na malalamiko yao. Zilijaribiwa njia tatu za kuchagua: jamii kutaja wenyewe, kuhesabu wategemezi katika kaya, na kumpa kila mwenye miaka 55 na zaidi. Malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 2,150 za Kenya kila baada ya miezi miwili, mtu anakwenda kwa wakala dukani na kadi yake na kidole chake. Baadaye mpango ukaingia mikononi mwa serikali.

Kidole hicho kina somo. Mtu aliyechota maji kwa kamba na kukata kuni miaka 50, alama za vidole vyake zimesagika. Mashine inasoma, inakataa, inasoma, inakataa. Fedha ipo, jina lipo, mzee anarudi nyumbani mikono mitupu baada ya safari ya siku nzima. Dawa yake ni rahisi na lazima ipangwe mwanzoni: kila mlengwa aandikishe mwakilishi wa pili anayemwamini, vidole zaidi ya kimoja vichukuliwe, na wakala awe na njia ya kuandika kushindwa kwa mashine badala ya kumwambia mzee "rudi kesho".

Ndipo linapokuja suala la malalamiko, na kama shirika lina fedha ya jambo moja tu, nashauri iwe hili. Sanduku la maoni lililotundikwa ofisi ya mtendaji halisaidii kitu. Asiyeandika hawezi kulitumia, na ufunguo anao yuleyule anayelalamikiwa. Kinachofanya kazi ni watu watatu hadi watano waliochaguliwa na walengwa wenyewe, wasiokuwemo kwenye kamati iliyochagua majina. Wawe na daftari lenye nakala kwa kaboni: tarehe, jina, lalamiko kwa maneno ya mlalamikaji, hatua, tarehe ya jibu. Nakala moja anaondoka nayo mlalamikaji. Karatasi hiyo mkononi inampa mtu ujasiri wa kurudi. Kuwe na siku za kujibu zilizotajwa, tuseme 14, na zikipita lalamiko lipande kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya bila kusubiri ruhusa ya mtu wa kijiji. Siku ya malipo, mmoja wao akae umbali wa hatua kumi kutoka kwenye meza, kwa sababu makato ya "asante" na "mchango wa ofisi" hukatwa hapohapo, kati ya meza na njia ya kwenda nyumbani.

Mapungufu ya mashirika katika haya yote yanajirudia. Mradi ni wa miaka mitatu, na miezi sita ya kwanza inaishia kwenye ajira na magari. Mashirika matatu yanalundikana kata moja iliyo karibu na barabara ya lami, na kata ya mwisho wa wilaya haina hata moja. Kila moja lina orodha yake ya maskini na halimwonyeshi mwenzake. Walengwa wanapigwa picha bila kuulizwa. Wahudumu wa kujitolea wa kijiji wanapewa fulana na posho ya mwezi, na siku posho inapokoma kazi nayo inakoma, jambo ambalo si haki kuwalaumu nalo.

Kuondoka kunatakiwa kupangwa tangu mkataba unaposainiwa. Miezi 12 kabla, mwezeshaji aanze kukaa nyuma na kuwaachia wakufunzi wa kijiji waendeshe. Hao walipwe na vikundi vyenyewe kwa makubaliano, hata kama ni kidogo. Miezi sita kabla, nakala za katiba, namba za usajili na orodha ya vikundi ziwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na daftari la malalamiko liwe na jina la mtumishi wa serikali anayelipokea. Mzunguko mmoja kamili wa sanduku, kuanzia hisa ya kwanza hadi mgao, upite bila mtu wa shirika kuwepo, huku gari bado lipo wilayani. Kufuli ikivunjika katika mwaka huo, kikundi kinunue nyingine kwa fedha yake, na funguo zibaki kwa watu watatu wa kaya tatu.